Mtoto Katekwa, Bunduki ni za Mbao

Huko Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, ilitengenezwa filamu ya mapigano kuhusu watoto walioibwa ili wakatolewe kafara. Inaitwa Crazy World. Mwongozaji wake, Isaac Nabwana, ambaye watazamaji wanamjua kama Nabwana I.G.G., aliitoa mwaka 2014 akiwa na bunduki za mbao na chuma chakavu, kompyuta alizoziunga mwenyewe kwa vipuri vilivyokwisha kutumika, na waigizaji ambao wengi wao ni majirani zake. Mwaka 2019 ilioneshwa katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada, kwenye safu ya filamu za usiku wa manane, na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu yake ilihusu jambo moja tu: jinsi pesa zilivyokuwa chache. Nadhani walioishangaa kwa sababu hiyo waliiangalia upande usiofaa. Katika hadithi ya mtoto aliyetekwa, kile kinachomshika mtazamaji hakinunuliwi kwa pesa, na pesa zikizidi hununua uongo wa aina fulani ambao tumeuzoea mpaka hatuuoni tena. Filamu ya bei ndogo, ikitengenezwa na watu wanaoijua hofu yenyewe, inaweza kuukwepa uongo huo. Crazy World imeukwepa, na inafaa kuchunguza imefanyaje.

Tuanze na hadithi yenyewe. Mtu anayetengeneza filamu ya mapigano ana deni kwa mtazamaji: lazima amweleze kwa nini watu hawa wanapigana. Filamu za kijasusi hulipa deni hilo kwa maelezo marefu kuhusu siri za serikali, mabomu na akaunti za benki, na katikati ya maelezo hayo nusu ya watu ukumbini wameshapotea njia. Mtoto akiibwa, deni limelipwa papo hapo. Hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini mama anapiga mayowe. Tena kitu kinachoisukuma hadithi hiyo ni pengo, yaani mtoto hayupo, na pengo halihitaji mavazi, seti wala mwigizaji. Kati ya visa vyote vinavyoweza kubeba filamu ya ngumi na risasi, sioni kingine kinachompa mtengenezaji maskini nguvu nyingi hivyo bure.

Mabingwa wa kazi hii wanalijua hilo hata wanapokuwa na pesa. Mwaka 1963 Akira Kurosawa wa Japani alitoa filamu inayojulikana kimataifa kama High and Low. Watekaji wanataka kumwiba mtoto wa mkubwa wa kampuni ya viatu, lakini kwa makosa wanamchukua mtoto wa dereva wake, na wanadai fidia ileile. Karibu saa nzima ya kwanza ya filamu hiyo inapita ndani ya sebule moja. Watu wanasimama, wanakaa, wanaitazama simu, wanamtazama baba anayetakiwa kuamua kama atafilisika kwa ajili ya mtoto asiye wake. Hakuna gari linalolipuka, na bado mtazamaji haketi kwa raha. Au chukua Taken ya mwaka 2008, iliyogharimu kama dola milioni 25 na kuingiza zaidi ya dola milioni 220 duniani kote. Ina magari yanayofukuzana, ina maiti nyingi, ina Paris yote. Hata hivyo kinachokumbukwa zaidi ni Liam Neeson akiwa chumbani na simu sikioni, binti yake akiburutwa kutoka chini ya kitanda upande wa pili wa dunia, kisha baba akizungumza na mtekaji kwa sauti ya chini. Tukio hilo lingeweza kupigwa Manzese, Dar es Salaam, au Kawangware, Nairobi, kwa vyumba viwili na simu mbili.

Basi mamilioni mengine yanakwenda wapi? Yanakwenda kwa mwokozi. Katika Commando ya mwaka 1985, Arnold Schwarzenegger ni kanali mstaafu wa jeshi ambaye binti yake mdogo anatekwa, na anavamia kisiwa kizima peke yake. Katika Man on Fire ya mwaka 2004, Denzel Washington ni mlinzi aliyewahi kuwa mwanajeshi, anayepita jiji la Mexico akitesa na kuua ili kulipiza kisasi cha msichana aliyekuwa akimlinda. Filamu hiyo iligharimu kati ya dola milioni 60 na 70. Katika Extraction ya mwaka 2020, iliyogharimu takribani kiasi hichohicho, mamluki anayeigizwa na Chris Hemsworth anamtoa mtoto wa kiume Dhaka, Bangladesh, na kuna tukio moja la mapigano la karibu dakika kumi na mbili lililounganishwa lionekane halina mkato. Watazamaji wa Afrika Mashariki wamempa mtu wa namna hii jina tangu enzi za kanda za VHS: huyu ni steringi, na kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa video wa mtaani, anajua kanuni kwamba steringi hafi hovyo.

Simlaumu steringi kwa kushinda. Tatizo ni kile kinachotokea kwa watu wengine wote akishaingia. Polisi lazima wawe wala rushwa au wapumbavu, maana wangekuwa wanafaa, yeye asingehitajika. Majirani wanatoweka. Mama anabaki kulia jikoni. Jiji alikoibwa mtoto linageuka pango la maadui: wakazi wa Paris, Mexico au Dhaka ni watekaji, au washirika wa watekaji, au watu wa kukimbia ovyo risasi zinapolia. Dhaka ya Extraction hata haikupigwa Dhaka kwa sehemu kubwa. Ilitengenezwa India na Thailand. Na mtoto mwenyewe, ambaye filamu yote inasemwa ni yake, anakuwa mzigo wa kubebwa kutoka sehemu moja hadi nyingine. Anafungwa, anafichwa, anatupwa ndani ya gari, anainuliwa. Akifungua mdomo ni kumwita baba.

Huo ndio uongo niliousema mwanzoni, na pesa ndizo zinazouleta. Nyota anayelipwa mamilioni lazima aonekane muda wote. Mwekezaji hatakubali ushindi wa mwisho apewe mama muuza nyanya. Silaha, helikopta na wataalamu wa kuanguka kutoka ghorofani vikishakodiwa lazima vitumike, na anayeweza kuvitumia kihalali ndani ya hadithi ni mwanajeshi wa zamani. Hivyo bajeti huchagua mwokozi kabla mwandishi hajashika kalamu. Matokeo yake, mzazi wa kawaida anayetazama anaambiwa kwamba mtoto wake akiibwa hana la kufanya, isipokuwa awe aliwahi kufanya kazi idara ya ujasusi.

Sasa turudi Kampala. Hofu inayobeba Crazy World haikuokotwa kwenye filamu nyingine. Katika miaka ya 2000 Uganda ilitikiswa na habari za watoto kuuawa kwa ajili ya kafara, kwa imani kwamba damu ya mtoto huleta utajiri au huimarisha msingi wa jengo jipya. Mwaka 2009 polisi waliunda kikosi maalumu cha kushughulikia makosa hayo. Mwaka 2012 mfanyabiashara tajiri wa Masaka alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji ya namna hiyo ya mtoto, baada ya kesi ya kwanza kumwachia huru na mahakama ya rufaa kuamuru isikilizwe upya. Wazazi wengine waliwatoboa watoto wao masikio, hata wa kiume, au kuwatahiri mapema, kwa sababu ilisemwa kwamba mganga anataka mtoto asiye na alama mwilini. Bunge la Uganda lilipitisha sheria mahususi dhidi ya kafara za binadamu mwaka 2021, miaka saba baada ya filamu. Upande wa Tanzania hofu hiyo haihitaji tafsiri: Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kufuatia mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, wakiwamo watoto walionyakuliwa majumbani usiku, na mwanzoni mwa mwaka 2019 mauaji ya watoto mkoani Njombe yaliwafanya wazazi wawasindikize wanao shuleni.

Kwa hiyo watu walioingia vibandani kuitazama Crazy World hawakuwa wanatazama balaa la mbali. Ndani ya filamu, genge liitwalo Tiger Mafia linaiba watoto kwa ajili ya kafara. Kuna wazazi ambao uchungu umewaondoa akili, wanaishi kama vichaa wakiwa bado wanamtafuta mtoto. Na kuna kundi la watoto walioibwa ambao genge halikujua linashughulika na nani, kwa sababu wanajua kung fu. Wanapanga, wanatoroka, wanapigana. Walioigiza walikuwa watoto wa mtaa huohuo, waliojulikana kama Waka Starz, ambao kweli walikuwa wakifanya mazoezi ya mateke na sarakasi katika uwanja wa studio.

Yapo mengi ya kuangalia hapo, lakini nataka tukae kwanza kwenye jinsi umaskini wa studio ulivyoamua nani awe mwokozi. Nabwana alikuwa fundi wa kufyatua matofali. Alipokuwa mdogo hakuwa akienda sinema. Kaka zake walienda, wakirudi wakamsimulia walichokiona, na hadithi hizo za kusikia ndizo zilizomjaza kichwa. Alijiandikisha kozi ya kompyuta ya miezi sita, akasoma mwezi mmoja pesa ikaisha. Mwaka 2005 alianzisha Ramon Film Productions, jina aliloliunga kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Vifaa vinaundwa na Dauda Bisaso, fundi wa kuchomelea mwenye uwezo wa kutoa bunduki ya rashasha kutoka kwenye mabomba na vyuma vya gari bovu; mkono wa kubebea kamera nao ni chuma chakavu, na kiunzi cha helikopta kimesimama uani. Damu ni maji yenye rangi nyekundu ndani ya kondomu inayopasuliwa kwa kuvutwa na uzi. Zamani walitumia damu ya ng'ombe, wakaacha baada ya mtu kuugua. Milipuko na moto huongezwa kwenye kompyuta baada ya kupiga picha mbele ya kitambaa cha kijani kilichotundikwa ukutani.

Studio kama hiyo haina nyota wa kumlinda. Ina watu wengi, wote majirani, wote wanataka kuonekana, na kila mmoja ana jambo analoliweza. Huyu anaruka, yule anajua kuanguka, mama fulani ana sauti, watoto wana mateke. Mwongozaji mwenye watu wa namna hiyo hawezi kutunga hadithi ya mtu mmoja anayeokoa peke yake hata akitaka. Vifaa alivyonavyo vinamsukuma atunge hadithi ya mtaa. Na hapo filamu inagusa ukweli ambao zile za mamilioni hazijaugusa, kwa sababu mtoto akipotea katika miji yetu, kinachoanza kutembea ni mtaa. Anayetangaza ni muadhini kwa kipaza sauti cha msikiti, au mhubiri kabla ya ibada, au vile vipaza sauti vya juu ya milingoti ambavyo mitaa mingi ya Uganda imevitumia kama redio yake. Vijana wa bodaboda wanapeana maelezo ya nguo alizovaa. Wauza mboga wanaulizwa nani kapita. Polisi nao wanahitajika, na aibu ni yao wasipokuja, lakini saa za mwanzo ni za majirani. Crazy World imelichukua jambo hilo la kawaida, ikaliongezea mateke ya hewani na risasi za kompyuta, na chini ya vurugu yote hiyo umbo lake limebaki lilelile.

Halafu kuna hao watoto wanaopigana. Mtu makini anaweza kuona huo ni upuuzi, maana mtoto wa miaka kumi hawezi kumwangusha jambazi mwenye bunduki. Kweli, hawezi. Lakini mwanamume mmoja wa makamo hawezi vilevile kuua genge zima jijini Paris kwa siku chache, na hatujasikia mtu akiiita Taken upuuzi kwa sababu hiyo. Tukikubali kwamba filamu ya mapigano huongeza chumvi, swali la kuuliza ni chumvi hiyo inamiminwa kwa nani. Taken inamwongezea baba. Crazy World inamwongezea aliyeibwa. Na vibandani watoto wamejaa, wapende wasipende wakubwa. Mtoto anayetazama Taken anaona kwamba aliyetekwa hulala kimya akingoja. Anayetazama Crazy World anaona watoto wanaoshikamana, wanaopiga kelele, wanaouma na kukimbia kwa pamoja, na ukiondoa kung fu, hayo ndiyo mambo ambayo walimu na wazazi huwafundisha watoto wafanye mtu akiwashika mkono kwa nguvu.

Kuna pingamizi moja zito kuliko mengine yote, na linahitaji nafasi yake. Filamu kuhusu wizi wa watoto zinaweza kuua. Katika Japani ya mwaka uleule wa High and Low, mtoto mdogo alitekwa na kuuawa jijini Tokyo kwa ajili ya fidia, na inaelezwa kwamba mhalifu alipata wazo kutokana na tangazo la filamu hiyo. Mwaka 1964 sheria ya jinai ya Japani ikaongezewa kifungu cha utekaji wa kudai fidia. Kisa cha India kiko karibu zaidi na sisi, kwa sababu kilipita kwenye simu kama zilizo mifukoni mwetu. Mwaka 2018 ilisambaa WhatsApp video ya watu wawili kwenye pikipiki wakimnyakua mtoto barabarani. Umati katika vijiji na miji mbalimbali uliwashambulia wapita njia waliodhaniwa kuwa wezi wa watoto, na watu zaidi ya ishirini waliuawa. Video yenyewe ilitoka Karachi, Pakistani, na ilikuwa filamu fupi ya kampeni ya usalama wa watoto. Mwishoni mwake wale wa pikipiki wanamrudisha mtoto na kuonesha bango lenye ujumbe. Mtu alikata kipande hicho cha mwisho, kikabaki kitendo cha kunyakua peke yake. Nchi zetu zina historia ndefu ya watu wasio na hatia kuchomwa moto kwa kelele za "mwizi", kwa hiyo hatuna haki ya kulipuuza pingamizi hili. Mtu anaweza kuuliza kwa uchungu: ya nini kuwaonesha watu wenye hofu filamu ambayo mtaa mzima unawafuata wezi wa watoto kwa silaha?

Nimelipima pingamizi hilo kwa muda, na naona kwamba mfano wa India, ukitazamwa vizuri, unaunga mkono filamu kama ya Wakaliga. Kilichoua ni kipande kilichofanana na kweli, kilichopigwa kama picha ya kamera ya ulinzi, kisha kikanyang'anywa alama pekee iliyosema kwamba haya ni maigizo. Crazy World haiwezi kunyang'anywa alama hiyo, maana imeenea kila mahali. Bunduki inaonekana ni ya mbao. Moto unaonekana ni wa kompyuta. Na juu ya yote kuna sauti ya VJ Emmie, mtangazaji anayezungumza tangu mwanzo hadi mwisho: anatambulisha wahusika, anawataja waigizaji, anamshangilia shujaa, anamcheka jambazi, na kila baada ya muda anapaza sauti kwamba hii ni muvi. Kata dakika mbili popote utakapo, umtumie nani utakaye, sauti hiyo itakwenda nayo.

Kazi ya VJ haikubuniwa kwa ajili ya studio hii. Katika vibanda vya Kampala watu wa namna hiyo wamekuwa wakitafsiri na kupamba filamu za kigeni kwa Kiganda kwa miongo kadhaa. Tanzania ilikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake iliwafanya watu waseme wameenda kumsikiliza Lufufu hata kama filamu yenyewe ni ya Hong Kong. Kenya ina DJ Afro. Ni rahisi kuwaeleza kama wakalimani tu. Mimi naona walifanya zaidi ya kukalimani. Walikaa kati ya skrini na benchi, wakahakikisha hakuna anayetazama kitisho akiwa peke yake. Jambo la kutisha likitokea, kuna mtu mzima anayesema nawe, anayejua mwisho, anayekukumbusha uko kibandani na wenzako. Nabwana aliichukua sauti hiyo ya ukumbini akaifunga ndani ya filamu yenyewe, na kwa maoni yangu huo ndio uvumbuzi wake mkubwa kuliko bunduki zote za chuma chakavu.

Hilo linajibu pia wale wanaosema kwamba kafara ya watoto si jambo la kuchekea. Nawaelewa, na ninakubali kwamba mzazi aliyepoteza mtoto hana wajibu wa kuvumilia filamu hii. Lakini tuangalie kicheko kinamwangukia nani. VJ anawacheka wenye genge. Watu wanaotisha mchana wanageuzwa vibonzo jioni. Jamii nyingi hushughulikia hofu zake kubwa kwa njia hiyo na hazidharau wahanga kwa kufanya hivyo. Njia nyingine ipo. White Shadow ya Noaz Deshe, iliyopigwa Tanzania na kupata tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji huko Venice mwaka 2013, inamfuata kijana mwenye ualbino kwa uzito na ukimya, na inaumiza kama inavyopaswa. Ni kazi nzuri. Lakini uzito wa aina moja hautoshi kwa kila mtu na kila siku, na mtu wa Wakaliga ambaye amewafungia watoto ndani tangu saa kumi na mbili jioni ana haki ya filamu ambayo wezi wanapigwa mateke mpaka wanalia.

Kuhusu wageni wa Toronto na kwingineko, kuna ukweli katika malalamiko kwamba wengine wanacheka umaskini. Filamu ya kwanza ya studio hii iliyovuma, Who Killed Captain Alex?, ilitembea duniani ikiwa na bei shingoni: dola 200, wakasema, au hata pungufu. Nambari hiyo ikawa ndiyo sifa. Mtu anapokuja kuona filamu kwa sababu ni ya dola 200, amekuja kuona dola 200. Hata hivyo sidhani kosa la mtazamaji wa mbali linaweza kuibadilisha kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya mtazamaji wa karibu. Crazy World ilizungumza na Kampala miaka mitano kabla ya Toronto kuijua, na utani wake, matusi yake na hofu yake vinaeleweka kwanza pale.

Nambari hiyo ya dola 200 ina ubaya mwingine unaonisumbua zaidi, na hapa wakosoaji wana haki kuliko mashabiki. Hakuna filamu inayogharimu dola 200. Kuna filamu ambayo mtu mwingine ameilipia. Waigizaji wa Wakaliga hawakuwa na mshahara. Walipata fungu lao kwa kuuza DVD nyumba kwa nyumba na kugawana mapato nusu kwa nusu na studio, na ilibidi wauze haraka, ndani ya siku chache, kabla wadurufu hawajazijaza sokoni. Ndiyo maana Crazy World inajikatiza kwa onyo kali dhidi ya wezi wa filamu, onyo linalochekesha lakini lenye njaa ndani yake. Fundi anayechomelea, mama anayepikia kundi, kijana anayeanguka kwenye matope mara kumi mpaka picha ikubali, hawa ndio bajeti isiyoandikwa. Siwezi kusifu filamu inayoupa mtaa nguvu ya kuokoa watoto kisha nifurahie kwamba mtaa huohuo haukulipwa. Nilichokitetea hapa ni uchache wa mitambo na kukosekana kwa nyota, vitu ambavyo vimeifanya hadithi iwe ya watu wengi. Ujira mdogo ni jambo jingine na halijaisaidia filamu kwa lolote. Watengenezaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura wanaotaka kujifunza kutoka Wakaliga wanaweza kuchukua VJ aliyefungwa ndani ya filamu, wakachukua watoto wanaojipigania na majirani wanaotoka nje mayowe yakisikika, na wakiomba ruzuku au mkopo, mstari wa kwanza wa bajeti uwe ujira wa watu hao, kisha helikopta ya kompyuta ifuate kwa kitakachobaki.